Vichwa 83 na Orodha ya Shamba

Nyanya yangu hahesabu miaka kwa namba. Ukimuuliza baba mkwe wake alizaliwa lini, atakwambia alizaliwa na mama aliyeokoka njaa ya Mwakisenge akiwa msichana mdogo. Mwakisenge nayo ilikuwa lini? Kabla ya treni. Hapo mimi hutoa simu nikaanza kupiga hesabu: reli ilifika Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, na njaa hiyo iliwapiga Wataita katikati ya miaka ya 1880, mmishonari J. A. Wray wa CMS akiwa ndio kwanza amefungua kituo kule mlima wa Sagalla, mwaka 1883. Kwa hivyo baba mkwe wa nyanya alizaliwa karibu na mwaka 1900, mbele kidogo au nyuma kidogo. Nyanya husikiliza mahesabu yangu yote mpaka mwisho, kisha hucheka. "Si ndivyo nilivyosema?"

Mwaka jana mahesabu hayo yaligeuka kuwa kazi. Hati ya shamba letu la Mbololo bado ina jina la huyo huyo baba mkwe, mtu aliyezikwa kabla baba yangu hajamaliza shule. Wanawe hawakuwahi kugawana kisheria. Kila mmoja alijua mpaka wake ni mti upi na jiwe lipi, basi. Sasa miti mingine imeanguka, na kuna bwana mmoja wa Nairobi aliyepanda huko na viatu vyeupe akazipenda ekari mbili za juu, zile za mawe, kwa sababu ukisimama pale unaiona Tsavo imetandikwa chini kama mkeka. Anataka kujenga vyumba vya wageni. Lakini ardhi ya marehemu haiuzwi hivi hivi. Lazima kwanza kesi ya urithi iishe, ile watu huita saksesheni, na kesi huanza na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote.

Baba mdogo akanipigia. "We si ndiye mwenye kompyuta? Nichapie hii orodha." Akanitumia picha ya karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Majina matano, yote ya wanaume.

Baba mkwe wa nyanya alizaa watoto tisa.

Kwa wewe unayeijua Voi kama stesheni ya SGR tu, nikueleze kidogo. Mbololo ni mlima uliojitenga na wenzake. Kati yake na milima ya Dawida kuna bonde la Paranga. Chini, upande wa Tausa, Ndome na Ghazi, kuna joto, vumbi, na ndovu wanaojua msimu wa mahindi kuliko wenye mahindi. Juu kuna ukungu, migomba, na msitu wa asili wa hekta kama 200 hivi. Maji ya milima hii ndiyo yanayoufanya mto Voi, ambao ukifika mjini mara nyingi ni mchanga mtupu, kisha unaingia Tsavo kuelekea bwawa la Aruba. Karibu asilimia 62 ya kaunti yetu ni mbuga, tangu Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948. Kilichobaki tunagawana sisi, mashamba ya mkonge, na msitu. Kwa hivyo usione ni ekari mbili za mawe ukadhani ni mzaha. Watu wameacha kuzikana kwa ndogo kuliko hizo.

Ili kuandika watoto wote tisa na vizazi vyao, nilianza mahali ambapo kila mtu huniambia nianze: kanisani. Waingereza wana bahati hiyo. Mwaka 1538 Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Ndio maana kijana wa kijiji fulani kando ya mto Thames anaweza kukaa na chai yake akamfuata babu wa babu wa babu yake hadi siku za Henry VIII, mtu wa kawaida kabisa, mvuvi au mchunga kondoo, na akajua aliolewa na nani na alizikwa Jumanne gani. Nimewaona mtandaoni wakilalamika ati kuna ukurasa mmoja umeliwa na panya. Panya!

Parokia yetu nayo ina daftari. Mzee wa kanisa alinifungulia kabati, akanipangusia kiti, akakaa pembeni kunichunga nisije nikakunja kurasa. Baba mkwe wa nyanya yumo. Alibatizwa akiwa mtu mzima, akapewa jina la Kizungu ambalo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kulitumia. Mbele yake kuna safu ya jina la baba. Hapo, kwa wino uliofifia, ndipo baba yake ameandikwa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika karatasi yoyote niliyoiona. Hakubatizwa, kwa hivyo hana mstari wake mwenyewe. Yeye ni maelezo ya mtu mwingine. Na safu ya jina la mama ilikuwa wazi.

Jioni nikamuuliza nyanya kuhusu hiyo safu. Hakufikiri hata kidogo. Alilitaja jina la yule mama wa Mwakisenge, la baba yake, na upande wa mlima alikotoka. Angalia basi: nyanya si wa kichuku hiki. Aliolewa tu hapa, miaka ya 1950. Wanaume wote waliozaliwa ndani ya ukoo wanajua mpaka wa shamba, lakini mwanamke wa kuolewa ndiye anayejua watu.

Lakini sitaki uelewe kwamba Wataita hawakuwa na kumbukumbu mpaka kalamu ilipokuja. Walikuwa nayo, na ilikuwa juu ya mawe.

Mtu mzima mwenye heshima yake alipokufa, alizikwa. Baada ya mwaka au zaidi, wazee walifukua kaburi, wakatoa kichwa, wakakisafisha, wakakipeleka kwenye pango la kichuku chake, yaani ukoo wake, na kukipanga pamoja na waliomtangulia. Nikiwasimulia marafiki zangu wa Nairobi jambo hili huniangalia kana kwamba nimesema tulikuwa tunakula watu. Hebu ngoja kwanza. Mvua ikikataa, mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka, ndugu wawili wakinuniana kwa sababu ya mpaka, swali la mganga lilikuwa: nani ana hasira? Kwa maana hasira hiyo ingeweza kuwa ya mtu aliye hai, au ya mmoja wa wale waliokaa pangoni bila kukumbukwa. Basi watu walichukua pombe ya miwa, wakapiga funda, wakalipuliza nje kwa mnyunyizo huku wakitamka maneno ya kuiachilia hasira. Hiyo ndiyo kutasa. Grace Harris, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona kitendo hicho kuwa moyo wa dini yetu yote, na kitabu chake cha mwaka 1978 akakiita Casting Out Anger. Na huwezi kutasa huku umebana kinyongo mbavuni. Ukifanya hivyo, shida inabaki pale pale, na sasa kila mtu anajua ni yako.

Kwa hivyo pango lilikuwa daftari letu, na papo hapo lilikuwa mahakama ya ardhi. Ukoo ulijua ni wa hapa kwa sababu wazee wake walikuwa hapa, wamepangwa, wanahesabika.

Kizazi cha baba mkwe wa nyanya ndicho kilichokata kamba. Kichwa cha baba yake kilipelekwa pangoni kwa utaratibu wote. Yeye mwenyewe akaja kubatizwa, akafa, akazikwa kwa sanduku na msalaba, kichwa na mwili pamoja. Mkewe, mama mkwe wa nyanya, alikuwa mama wa kanisa hasa, mwenye kitambaa cheupe na kila kitu. Lakini nyanya anasema kuna asubuhi alikuwa akipanda kule kwenye mawe na kibuyu kidogo chini ya kanga, na akirudi anasema alienda kuokota kuni.

"Kuni zilikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Hazikuwepo," nyanya akasema, akaendelea kuponda kimanga.

Sasa nije kwenye Excel. Nilikuwa nikitafuta habari za Taita mtandaoni, nikatumia tahajia ya zamani ya Waingereza, "Teita". Nikaangukia jedwali la William Howells, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyezunguka makumbusho ya dunia akipima mafuvu ya watu. Alipima zaidi ya 2,500. Kitabu chake cha kwanza kuhusu vipimo hivyo kilitoka mwaka 1973, na vipimo vyenyewe sasa viko mtandaoni, bure, yeyote anaweza kupakua. Ndani yake kuna watu wa Oslo ya kale, kuna Wamisri, Wazulu, Wadogon wa Mali. Na kuna TEITA, kwa herufi kubwa.

Mafuvu 83. Yalitolewa kwenye mapango yetu wakati wa ukoloni, na yako Cambridge, katika mkusanyo wa chuo kikuu uitwao Duckworth. Tayari mwaka 1931 jarida la Biometrika lilikuwa limechapisha utafiti wa Kitson kuhusu mafuvu kutoka Koloni ya Kenya. Kwa hivyo si siri. Hakuna aliyeficha. Ni sisi tu tuliokuwa hatujui mahali pa kubonyeza.

Nilipakua faili hilo nikiwa kwenye matatu ya kutoka Voi, likafunguka tukikaribia Tausa. Kila mstari ni mtu mmoja. Namba ya utambulisho, jinsia, halafu vipimo kwa milimita: urefu wa fuvu, upana wake, kimo cha pua, upana wa tundu la jicho. Safu baada ya safu, unasogeza skrini mpaka kidole kinachoka. Hakuna safu ya jina. Hakuna safu ya kichuku, wala ya mlima. Daftari la kanisa lilikuwa limemwacha babu yetu kwenye pembe ya mstari wa mwanawe, lakini angalau lilimtaja. Hawa wamepewa mstari mzima, kila mmoja wake, na hawakutajwa.

Kuna jambo lingine ambalo sijui nicheke au nilie. Jedwali hilo hutumika kutengeneza programu za uchunguzi wa mifupa. Fuvu likiokotwa mahali na hakuna anayejua ni la nani, wataalamu huliingiza kwenye kompyuta ili lilinganishwe na makundi yanayojulikana. Kundi mojawapo ni letu. Watu walionyang'anywa majina yao wanasaidia watu wengine kupatiwa majina.

Nikahesabu jinsia. Wanaume 33, wanawake 50.

Niliirudia hesabu hiyo mara mbili. Katika masimulizi yote niliyolishwa tangu utotoni, pangoni walikaa "wazee", na mzee kwetu huja kichwani akiwa na fimbo na ndevu. Kumbe katika wale waliobebwa hadi Cambridge, wanawake ndio wengi. Akina mama waliheshimiwa kiasi cha kufukuliwa, kusafishwa na kupangwa. Halafu mimi nina karatasi ya majina matano kwenye simu.

Nilimweleza nyanya, polepole, nisijue ataipokea vipi. Alikaa kimya akichambua maharage.

"Wamewapima nini?"

"Pua, nyanya. Na macho. Na kichwa chote."

"Na hawakuuliza ni mama wa nani?"

Kinachonikera zaidi ni kwamba Mbololo si mahali pasipo na majina. Wageni waliopita huko wamepataja vizuri sana, ila si watu wake. Kuna ndege, mkesha wa msituni mwenye kichwa cheusi na ubavu wa rangi ya kutu, ambaye dunia nzima anaishi Mbololo na misitu michache jirani kama Ngangao na Chawia tu. Anaitwa Turdus helleri tangu mwaka 1913, kwa heshima ya Edmund Heller, mwanasayansi wa Marekani aliyepita akikusanya wanyama. Kuna ua la zambarau, Saintpaulia teitensis, ambalo porini huota kwenye mlima wetu peke yake. Ndugu zake wa Usambara ndio wale wanaouzwa kwenye vyungu madukani Ulaya, na jina la ukoo wao ni la ofisa wa Kijerumani, Saint Paul. Mtu anapita wiki mbili anapata ndege. Mtu anaishi miaka sabini, analima, anazaa, anapatanisha ndugu, anapata namba.

Je, nataka warudi? Ndiyo, nataka. Na si ndoto ya mchana. Siku ya anga safi, ukiwa Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya Taita, unauona Kilimanjaro. Kule Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli mwezi Machi mwaka 1900, na familia yake imeishi ikiamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alikitafuta miaka na miaka. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin iliyochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki ilitangaza kwamba vipimo vya DNA vimewapata ndugu walio hai wa mafuvu kadhaa ya Wachaga. Cha Meli mwenyewe hakikuwa miongoni mwao, lakini cha mmoja wa washauri wake kilikuwemo. Katika mafuvu hayo ya Berlin, 22 yalitoka nchi ambayo leo ni Kenya. Hapa pwani, mwaka 2007, vigango viwili vya Mijikenda vilivyoibwa vikapelekwa Marekani vilirudishwa kwa wenyewe. Kwa hivyo vitu hurudi. Hurudi polepole, kwa barua nyingi, lakini hurudi.

Ila swali lililonikosesha usingizi lilikuwa dogo kuliko hilo. Wakirudi, watarudi wapi?

Kwa sababu pango la kichuku chetu liko kwenye zile ekari mbili.

Nilipanda na binamu yangu mwezi wa Aprili. Nyanya alitupa maelekezo kwa vidole: mti ule, kisha jiwe lenye mgongo, kisha msipite juu, piteni chini. Si pango la kutisha. Ni mwamba ulioinama kama mtu anayekinga mvua, na chini yake kuna kingo za mawe. Tulikuta saba. Wamekaa bega kwa bega kama watu kwenye benchi la zahanati, rangi ya udongo, mmoja ana kuvu ya kijani kwenye paji. Upande wa kulia ukingo unaendelea, mpana vile vile, na hauna kitu. Kuna kipande cha chungu. Binamu yangu, ambaye huongea tangu asubuhi hadi usiku, alivua kofia. Hatukugusa kitu na hatukupiga picha. Kutoka pale unaiona Tsavo yote, na yule bwana wa viatu vyeupe hakukosea: ni mahali pazuri sana pa kuamka.

Kikao cha familia tulikifanya Jumamosi, nje ya nyumba ya nyanya. Mashangazi wawili walikuja, mmoja wa Mombasa alikuwa kwenye simu, ameegemezwa kwenye kikombe. Nikatoa orodha niliyochapa. Watoto tisa, waliokufa pamoja na vizazi vyao, wa kike kwa wa kiume. Baba mdogo aliisoma akaiweka chini.

"Hawa waliolewa. Wana mashamba huko."

Shangazi wa kwenye simu akamjibu kabla sijafungua mdomo: sheria ya urithi imewapa mabinti haki yao tangu mwaka 1981, na yeye ameachika tangu mwaka 1999, kwa hivyo hilo shamba la huko amwonyeshe liko wapi. Watu wakacheka, hata baba mdogo. Hilo likaisha, angalau kwa siku hiyo.

La pango halikuwa la kucheka. Baba mdogo si mtu mbaya, na sitaki umwone hivyo. Ana watoto wawili chuoni na deni la hospitali la mke wake. Ni mzee wa kanisa na anaamini anachosema. "Mambo ya giza hayo," akasema. "Sisi tulitolewa huko. Mnataka nifukuze mnunuzi kwa sababu ya mifupa?"

Nikataka kumwambia habari za Cambridge. Nilikuwa nimezipanga vizuri, na namba zake zote. Nyanya akanizuia kwa mkono.

"Babu yako alimpeleka baba yake pale," akamwambia. "Alimbeba yeye mwenyewe. Hakuniambia kamwe ni giza. Aliniambia ni baba yake." Kisha akageuka akatutazama wote, mmoja mmoja, hata ile simu kwenye kikombe. "Sasa semeni. Nani ana hasira?"

Kimya kilikaa. Kuku alipita katikati yetu. Baba mdogo ndiye aliyeanza, na hakuanza na pango. Alianza na mwaka 1987, ng'ombe aliyeuzwa, na karo ambayo baba yangu alilipiwa na yeye hakulipiwa. Mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Aliongea karibu saa nzima. Baba yangu alimsikiliza akiangalia viatu vyake, na alipomaliza hakujitetea.

Hatukuwa na pombe ya miwa. Nyanya alimtuma binamu yangu ndani akaleta maji kwenye kikombe cha bati. Baba mdogo alikiangalia kile kikombe muda mrefu, akakipokea, akakinywa chote. Hakutema. Nyanya hakusema kitu.

Orodha ya majina imeshapelekwa kwa chifu, yote tisa. Kuhusu ekari mbili, tumekubaliana kwamba mpima ardhi aulizwe kama anaweza kuutenga ule mwamba na njia yake ya kuufikia, usiwe kwenye fungu la mtu yeyote. Mnunuzi ameambiwa asubiri. Mpima ardhi anakuja Agosti. Cambridge nimeshaiandikia barua, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na baba mdogo ameomba nimtumie nakala.

"Ya Kiswahili," akasema. "Nataka kuisoma vizuri."